Daktari akikuuliza hali, usijibu 'nzuri'

Mpendwa msomaji, Dominika hii nakualika tutafakari juu ya chumba ambacho wengi hawajawahi kukiingia, na waliokiingia hawapendi kukizungumzia. Ni chumba cha daktari ambaye siku hiyo hakutibu. Anakupima ili aandike ni kiasi gani cha uwezo wako kimeondoka na hakitarudi.

Kwa mfanyakazi wa Tanzania aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, chumba hicho kina uzito mkubwa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilitungwa mwaka 2008, na ndiyo iliyozaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi tunaujua kwa herufi tatu, WCF. Anayeuchangia ni mwajiri. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi kwa ajili hiyo. Matibabu yakifika mahali ambapo mgonjwa hategemewi kupata nafuu zaidi, ulemavu uliobaki hupimwa kwa asilimia. Usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Unaozidi hapo huleta pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo maneno machache yanayosemwa mbele ya daktari yanaweza kuamua kama watoto watakwenda shule.

Waumini wawili, mume na mke, wameniruhusu nisimulie yao bila majina. Mume alikuwa fundi wa mashine ya kupasua mbao. Mashine ilimla vidole vitatu vya mkono wa kulia. Siku ya kupimwa alinyoa ndevu, akavaa shati lake la kanisani, akaingia kwa daktari amesimama wima. Daktari akamuuliza, "Mkono unaendeleaje, mzee?" Akajibu, "Mzuri tu, daktari, tunamshukuru Mungu." Daktari akainamisha kichwa, akaanza kuandika.

Mkewe, aliyekuwa ameketi pembeni na bahasha ya picha za eksirei, akasema kwa sauti ya chini: "Baba Fulani, mwambie daktari nani amekufunga vifungo vya hilo shati."

Chumba kikawa kimya. Mzee alichukua muda kabla hajaanza kusema. Ndipo akasimulia kwamba hawezi kufunga vifungo, hawezi kushika jembe zaidi ya dakika chache, usiku mkono huwaka moto hata kwenye vidole ambavyo havipo tena, na kwamba ameacha kula mbele ya wageni. Daktari aliweka kalamu chini, akausogeza ule mkono karibu, akaanza kuupima upya.

Msomaji wangu, huyu mzee hakuwa mwongo. Alijibu kama alivyolelewa. Sisi hata msibani mtu akiulizwa habari husema "nzuri" kwanza, ndipo aongeze kwamba amefiwa. Ni adabu yetu, na ni nzuri. Tena kwa Mkristo kuna safu ya pili: tunaona kwamba kutaja udhaifu ni kumnung'unikia Mungu, au ni kukosa imani. Wapo hata wanaoambiwa kwamba wakikiri ugonjwa kwa midomo yao wanaukaribisha. Basi mtu anakwenda kupimwa akiwa ameuficha ulemavu wake chini ya shukrani. Wahenga walikwisha kutuonya: mficha maradhi kifo humuumbua.

Tumwangalie yule mgonjwa wa Injili ya Yohane, sura ya tano, aliyelala kando ya birika la Bethzatha. Alikuwa katika hali hiyo kwa miaka 38. Yesu alimuuliza kama anataka kupona. Jibu lake halikuwa "naendelea vizuri". Wala hakutaja jina la ugonjwa wake. Mpaka leo hatulijui. Alieleza jambo analolishindwa: maji yanapotibuliwa hana mtu wa kumtia birikani, na akijikokota, mwingine amemtangulia. Yesu hakumkemea kwamba analalamika. Alilipokea lile jibu jinsi lilivyo, akamwambia asimame.

Huo ni mfano mzuri kwa anayekwenda kupimwa. Daktari anaweza kusoma jina la jeraha kwenye faili. Asichoweza kukisoma ni kwamba unashuka ngazi kwa kukaa, au kwamba unaweza kubeba ndoo leo lakini kesho hutainuka kitandani. Hilo ulisema wewe. Na ukiwa unaona aibu, alisema anayekufunga vifungo.

Wengine huumizwa na kule kupimwa kwenyewe. "Kwani hawaoni?" huuliza. "Nimekatika mguu, bado wanataka vyeti?" Uchungu huo ninauelewa. Lakini katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 13, kuhani alipewa kazi inayofanana na hiyo: kumtazama mwenye dalili za ukoma, kumtenga siku saba, kisha kumtazama tena. Hakutakiwa kuamua kwa haraka, maana maisha ya mtu yalikuwa mikononi mwake. Na Bwana wetu, alipomtakasa mkoma katika Marko sura ya kwanza, alimtuma akajionyeshe kwa kuhani. Muujiza ulikuwa umekwisha kutendeka, lakini mtu yule alihitaji kuthibitishwa ili arudi kwa watu wake. Yesu hakuudharau utaratibu unaomrudishia mtu nafasi yake. Wewe daktari unayesoma hapa, kumbuka basi kwamba unachokishika ni zaidi ya fomu.

Ukweli huu una upande wa pili. Amri ya nane inakataza ushuhuda wa uongo, nayo haibaki nje ya mlango wa hospitali. Wapo wanaofundishwa na marafiki kuanza kuchechemea wakifika getini. Anayeongeza chumvi anaula mfuko uliowekwa kwa ajili ya aliyeumia kweli, na anamfanya daktari amshuku yule anayefuata kwenye foleni. Lakini anayepunguza naye hasemi kweli, na mzigo wa kile alichokificha hubebwa na mke na watoto. Unyenyekevu ni kusema jambo lilivyo, bila kulikuza na bila kulipunguza.

Kisha itakuja siku ya kusomewa asilimia. Wengi huvunjika moyo hapo. Mtu anaondoka akijiita "robo mtu". Hapana, ndugu yangu. Namba ile imepima kiungo na uwezo wa kazi. Sura na mfano wa Mungu, aliotuumba nao, hauna asilimia. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mfanyakazi ana haki ya kulindwa anapopata ajali kazini, na kwamba mwenye ulemavu ni mtu kamili mwenye haki zote za binadamu. Kwa hiyo fidia ni haki yako. Ukiona umepimwa visivyo, kuomba uangaliwe upya hakukufanyi kuwa mkosa shukrani.

Nakuomba mambo matatu. Kama umeumia kazini, toa taarifa mapema na utunze kila karatasi ya hospitali. Siku ya kupimwa usiende peke yako. Nenda na mtu anayeishi nawe, na usiku wa kuamkia siku hiyo andikeni pamoja yale usiyoyaweza tena. Kama wewe ni mwajiri, na una mtu aliyeumia ambaye umemtuliza kwa nauli ya kwenda kijijini ili ajali isijulikane, kesho asubuhi toa taarifa hiyo. Sadaka yako ya leo haiwezi kuziba mahali pake.

Na sisi wa Jumuiya Ndogo Ndogo tuna kazi yetu. Dereva wa bodaboda asiye na mwajiri, mkulima aliyeanguka mnazini, mama muuza samaki aliyepooza, hawa mfuko huo haukuwekwa kwa ajili yao. Birika lao ni sisi. Juma hili, mkikutana kusali, tajeni jina la mmoja wao, kisha mkubaliane ni nani atampeleka hospitali na kwa nauli ya nani.

Mungu awape wanaopimwa ulimi wa kweli, na wanaopima macho ya huruma. Dominika njema.