Istilahi za Upimaji wa Lugha: Uhalali na Uthabiti

Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973, huweka katika tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Mwalimu aliyeko Themi, mjini Arusha, aweza kuzisoma bila ya kusafiri. Lakini ili zimfae, hana budi kutofautisha dhana mbili ambazo mara nyingi huchanganywa: uhalali na uthabiti.

Jaribio huwa na uthabiti iwapo matokeo yake hayabadiliki ovyo, hata likisahihishwa na mtu mwingine. Huwa na uhalali iwapo linapima kile kilichokusudiwa kupimwa.

Tuchukue mfano. Wanafunzi wanapewa kifungu cha habari, kisha wanaulizwa: "Mto Themi huanzia katika mlima gani?" Mtoto wa Arusha aweza kujibu "Meru" bila ya kusoma hata mstari mmoja, mwenziwe wa Lindi atalazimika kusoma. Wasahihishaji wote watatoa alama zile zile, kwa hiyo uthabiti upo. Uhalali umepungua, maana kwa mtoto wa kwanza kinachopimwa ni ujuzi wa mahali, si ufahamu.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba wafasiri wasitumie neno "usahihi" kwa dhana zote mbili. Msomaji atadhani kuwa alama zilizojumlishwa vyema zatosha kumhukumu mtoto. Nao walimu wanaochukua maswali katika intaneti wajiulize kwanza: swali hili lapima nini, na kwa nani?