Mtaro wa barabara si jalala: kwa nini barabara ya greda haifiki mwisho wa masika

Kila mvua inapoanza, simu ya studio haikosi swali moja kutoka milimani. Msikilizaji mmoja aliliuliza hivi kwa ujumbe: "Greda lilipita mwezi wa pili, tukashukuru. Mvua ya wiki moja tu, barabara imekatika. Hela za barabara zinakwenda wapi?"

Swali ni la haki. Suala la hela tutalifikia. Lakini mara nyingi tukishuka kwenye gari pale barabara ilipokatika na kuangalia pembeni, tunakuta mtaro umejaa. Kuna chupa za plastiki, pampasi za mtoto, magugu yaliyotupwa kutoka shambani, maganda ya mahindi, na mara nyingine kifusi cha mtu aliyetengeneza njia ya kuingia kwake bila kuweka bomba chini. Maji yamekosa njia yao, yamechukua ya kwetu.

Leo tunaeleza mtaro unafanya kazi gani, barabara ni ya nani, taka za nyumbani ziende wapi, na dereva afanye nini maji yakishafika barabarani.

Barabara inalindwa na mtaro

Barabara ya udongo au ya moramu inapochongwa vizuri huwa na mgongo katikati. Mgongo huo unafanya maji ya mvua yateremke pande mbili na kuingia mitaroni. Mtaro nao haubebi maji yote mpaka mwisho wa mlima. Kila baada ya umbali fulani hukatwa mchepuko wa kuyatoa maji nje, yaende kwenye majani au korongoni. Penye bonde huwekwa kalavati, ili maji yapite chini na watu wapite juu.

Greda linapopita linafanya mambo hayo mawili: linarudisha mgongo na kufungua mtaro. Mtaro ukizibwa wiki inayofuata, kazi ya greda imekwisha hata kama barabara bado inapendeza kwa macho.

Tuchukue kalavati ya kawaida yenye upana wa sentimita 60. Ni tundu ambalo ndoo kubwa inaweza kupita. Kijiti kimoja kinakwama mdomoni. Pampasi moja inanasa kwenye kijiti. Majani yanajaa juu yake, tope linaziba nafasi zilizobaki. Mvua kubwa ikija usiku, maji yanapanda na kupita juu ya barabara. Yakianguka upande wa pili yanachimba ukingo wa chini, kisha yanarudi nyuma yakila udongo kidogo kidogo mpaka yafike katikati. Asubuhi mnakuta shimo, na kalavati yenyewe iko wazi hewani.

Kwetu hali ni ngumu zaidi kwa sababu ya mteremko. Kilele cha Shengena, katika msitu wa Chome, kina urefu wa zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Same na tambarare za Makanya na Hedaru ziko chini ya mita 1,000. Maji yanayoteremka namna hiyo yana kasi na yanabeba mawe. Wanaokumbuka Novemba 2009, maporomoko ya udongo yalipoua watu katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, hawahitaji kuelezwa kuhusu nguvu ya maji ya mlimani. Msiba ule hatuuhusishi na taka. Tunaukumbusha ili tusiyachezee maji.

Na barabara ikikatika, hasara inaingia nyumbani. Lori haliwezi kupanda kuchukua tangawizi, kwa hiyo mnunuzi anayefika kwa pikipiki anataja bei anayoitaka yeye. Mama mwenye uchungu anateremshwa kwa machela mpaka pale gari linapoweza kufika. Mwanafunzi anavuka korongo kwa miguu akiwa ameshika viatu mkononi.

Barabara ni ya nani?

Barabara zetu zina wenyewe wawili. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Barabara kuu inayopita Hedaru, Makanya na Same kuelekea Mwanga na Moshi ni yao, na ile ya Same, Kisiwani hadi Mkomazi pia ni yao. Barabara za wilaya, zikiwemo nyingi zinazounganisha vijiji na kata, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017. Zinazopanda mlimani zimegawanyika, nyingine ni za TANROADS na nyingine za TARURA. Usibahatishe. Mtendaji wa kijiji au wa kata anatakiwa kujua ya kwenu ni ya nani.

Sasa hela. Matengenezo hulipwa kwa sehemu kubwa na Mfuko wa Barabara, unaotokana na tozo kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Maana yake hata wewe usiye na gari unachangia, kwa sababu nauli ya bodaboda ina mafuta ndani yake. Una haki ya kuuliza.

Lakini TANROADS inasimamia kilomita zaidi ya 36,000 nchi nzima, na TARURA kilomita zaidi ya 144,000, nyingi zikiwa za udongo. Greda linalopita kwenu leo lina vijiji vingine vingi vinavyolisubiri. Ndiyo maana mtaro likishaufungua unapaswa kubaki wazi mpaka litakaporudi.

Jambo jingine ni hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zinahesabu mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Mtaro uko ndani ya eneo hilo. Kwa hiyo kulima mpaka mdomoni mwa mtaro, kumwaga mchanga na matofali juu yake, au kuujaza kifusi ili gari lako lipite, yote hayo ni kuingilia hifadhi. Ukihitaji njia ya kuingia kwako, omba kibali, kisha weka bomba au daraja dogo ili maji yaendelee kupita chini.

Taka za nyumbani ziende wapi?

Tunajua kwa nini mtaro unavutia. Mijini kuna gari la taka, angalau siku fulani. Huku milimani hakuna, na mtaro uko mbele ya mlango. Unatupa jioni, mvua inapita, asubuhi hakuna kitu. Kumbe kitu kipo, kimehamia kwa jirani wa chini.

Habari njema ni kwamba taka nyingi za nyumba ya kijijini si taka za kutupa. Ukizitenga tangu jikoni, kinachobaki ni kidogo.

Zinazooza: maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya chakula, majani, maganda ya maharage. Anayefuga ng'ombe au mbuzi ndani anajua sehemu ya vitu hivi ni chakula cha mifugo. Kinachobaki kiende kwenye shimo la mboji pamoja na samadi na majivu kidogo, kisha kirudi kwenye migomba au kwenye tuta la tangawizi.

Chupa za plastiki, vyuma na makopo: weka kwenye kiroba. Wanunuzi wa skrepa na chupa wanapita au wapo mjini. Kaya kumi zikikusanya pamoja, mzigo unatosha kumfanya mnunuzi apande.

Pampasi na pedi: hizi ndizo zinazoziba makalavati kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hunyonya maji na kuvimba. Haziozi haraka, na mbichi haziungui. Zinahitaji shimo refu lenye mfuniko. Shimo lisiwe karibu na kisima, ndiva au mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo usichimbe humo.

Chupa zilizovunjika, betri na makopo ya dawa za shambani: yasiingie kwenye mboji wala mtaroni. Makopo ya dawa yasitumike kuchotea maji hata yakioshwa. Yatoboe, yahifadhi mbali na watoto, na umuulize afisa kilimo wa kata yapelekwe wapi.

Usichome plastiki karibu na nyumba. Moshi wake una sumu, na anayeuvuta kwanza ni mtoto aliye mgongoni mwa mama.

Kumbuka pia mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Anayekutwa akiitumia anaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Kikapu cha ukindu hakina faini, na hakizibi kalavati.

Dereva na bodaboda: maji yakishafika barabarani

Wenzetu wa tambarare, hasa Makanya na Hedaru, wanalijua jambo hili. Jua linawaka, mbingu nyeupe, mara korongo linaleta maji mekundu yenye mchanga na magogo. Mvua haikunyesha hapo. Ilinyesha mlimani saa kadhaa zilizopita. Kwa hiyo usiangalie mawingu yaliyo juu ya kichwa chako, angalia yaliyo juu ya safu ya milima.

Maji yanayokwenda kasi yakiwa na kina cha sentimita 15 tu, yaani chini ya nusu ya mguu kufika gotini, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kusukuma gari dogo. Pikipiki ni nyepesi zaidi. Na huwezi kujua kama barabara bado ipo chini ya maji. Simama, zima pikipiki, subiri. Maji ya korongo hupungua kama yalivyokuja. Abiria, ukiona dereva anataka kujaribu, una haki ya kushuka.

Kwenye maeneo ya makazi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Sheria hiyo haina likizo ya mvua. Mtaro ukijaa, waenda kwa miguu na watoto wa shule wanasukumwa kutembea barabarani, na tope linafanya breki zichelewe.

La mwisho kwa madereva wa malori ni mawe. Gari likiharibika mlimani, jiwe linawekwa nyuma ya tairi na matawi yanatandazwa. Gari likipona linaondoka, jiwe linabaki. Usiku bodaboda analikuta. Sheria inakutaka uwe na pembetatu zinazoakisi mwanga, na ubinadamu unakutaka uondoe jiwe lako. Na usilitupe mtaroni.

Msaragambo haujafa

Upareni hatuanzi leo kuhangaika na maji. Wazee wetu walijenga ndiva, wakachimba mifereji kwenye miteremko, na kuitunza kwa msaragambo. Tope lilitolewa ndivani kwa zamu, na asiyefika aliulizwa. Mtaro wa barabara ni mfereji kama ile mingine. Tofauti ni kwamba ule tuliuona wa kwetu, huu tunauona wa serikali.

Hatusemi wananchi wafanye kazi ya mkandarasi. Kujenga kalavati, kumwaga moramu na kuchonga ni kazi ya wakala aliyepewa fedha. Lakini kitongoji kikikubaliana kusafisha mtaro siku moja kabla ya vuli na siku moja kabla ya masika, kila kaya mbele ya nyumba yake, ni kazi ya asubuhi moja yenye jembe na koleo. Mkutano wa kijiji unaweza pia kupendekeza sheria ndogo ya kumtoza anayetupa taka mtaroni. Sheria inayotungwa na wenyewe ndiyo inayofuatwa.

Ukiona tatizo, toa taarifa hivi

Piga picha ya mahali penyewe, ikiwezekana na mtu amesimama pembeni ili ukubwa uonekane. Andika jina la barabara, kijiji, na alama iliyo karibu kama shule au kanisa au msikiti. Taja tarehe, na kama magari yanapita au hayapiti. Mpelekee mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji, na uombe wapeleke TARURA wilaya au TANROADS mkoa, kulingana na barabara. Baki na nakala kwenye simu yako. Diwani akija kwenye mkutano, mwonyeshe tarehe ya picha.

Taarifa ya "barabara yetu mbovu" ni rahisi kuwekwa pembeni. Taarifa ya "kalavati chini ya shule imezibwa, maji yalipita juu tarehe fulani, ukingo umeliwa nusu" inampa fundi kazi ya kufanya kabla ya gharama kuwa kubwa.

Kwa msikilizaji wetu aliyeuliza: endelea kuuliza hela, ni haki yako. Lakini kesho asubuhi, kabla ya kwenda shambani, tembea hatua hamsini juu na hamsini chini ya nyumba yako ukiangalia mtaro. Ukikuta umezibwa, utakuwa na swali la kumuuliza mtendaji, na huenda jingine la kumuuliza jirani.