Kwanza Vinywa Vifunguke

Madarasa ya jioni ya Kiingereza kwa watu wazima ni jambo la lazima katika Visiwa hivi. Tangu utalii uliposhika nafasi kubwa katika uchumi wa Zanzibar, mpishi wa hoteli, dereva wa teksi, nahodha wa mashua ya kupeleka wageni Changuu na mkulima anayeonyesha shamba lake la viungo wamejikuta wakihitaji lugha ambayo wengi wao waliiacha skuli, au hawakuipata kabisa.

Tunalotaka kulisema leo linahusu robo saa ya kwanza ya darasa hilo. Mtu mzima huingia darasani na heshima yake. Pengine ni baba wa watoto sita na fundi anayeaminiwa mtaani. Naye anaketi dawati moja na kijana wa jirani ambaye asubuhi ile alimpa shikamoo. Akisimamishwa ajitambulishe kwa Kiingereza mbele ya wote, akakosea, na kijana akacheka, basi. Mtu mzima aliyeaibika haagi. Huacha tu kuja.

Mtaalamu wa Marekani, Stephen Krashen, alieleza katika maandishi yake ya mwaka 1982 kwamba hofu na kutojiamini humzuia mwanafunzi asiipokee lugha hata kama anaisikia vyema. Ndiyo sababu walimu wenye ujuzi huanza na michezo mifupi ya kuondoa ugeni. Tunaouona kuwa bora ni huu: kila mwanafunzi hupewa karatasi yenye mambo manne au matano, naye huzunguka akimtafuta anayeweza kuogelea, aliyewahi kufika Pemba, asiyekula pweza, anayejua kushona kofia. Akimpata, huandika jina lake. Manufaa yamo katika makelele yenyewe. Wote wanapozungumza kwa pamoja, hakuna anayesikia kosa la mwenzake; na swali fupi la maneno matatu, likiulizwa mara kumi, hatimaye hutoka bila kutafutwa.

Si kila mchezo wa vitabu vya ng'ambo unafaa hapa. Kumrushia mpira bibi wa makamo ili ataje jina lake ni utovu wa adabu, na kuwashikanisha mikono wanaume na wanawake wasiojuana ni kulivunja darasa siku ya kwanza. Upo pia mchezo wa kutaja habari tatu za nafsi yako, mbili za kweli na moja ya uongo, wenzako waitambue. Wapo wazee watakaochelea kusema uongo hata kwa mchezo. Hao wategewe kitendawili kwa Kiingereza chepesi. Kukosa jibu la kitendawili hakujamwaibisha mtu katika nchi hii. Hutoa mji, na mchezo ukaendelea.

Aidha, maelezo ya mchezo yatolewe kwa Kiswahili. Amri ya Kiingereza kitupu tangu mlangoni, ambayo baadhi ya wakuu wa madarasa huiona kuwa ni ukali wenye faida, huwafukuza wale wale waliokusudiwa.

Kwa viongozi wa elimu tuna maombi mawili. Walimu wa jioni wafundishwe kazi hii, na mkaguzi akilikuta darasa limesimama linapiga gumzo asiandike kuwa ni fujo. La pili ni dogo zaidi: madawati. Mara nyingi yamepangwa safu kuelekea ubaoni, na mwalimu wa jioni huogopa kuyagusa kwa kuwa ni mali ya skuli ya asubuhi. Aruhusiwe kuyasogeza ukutani, kwa sharti ayarejeshe kabla ya kufunga mlango.