Fahamu: Kwa nini majaji huthubutu kufuta uchaguzi wa rais?

Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta kwa kura 4 dhidi ya 2.

Mwanasheria husoma vifungu: matokeo hayakutumwa kama sheria inavyotaka. Mtaalamu wa siasa huuliza swali lenye harufu ya umbea, lakini la msingi: majaji hao waliteuliwaje, na nani anaweza kuwafukuza? Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Utumishi wa Mahakama nguvu katika mambo hayo mawili. Rais peke yake hawezi kuwatimua.

Kinga hiyo haielezi yote. Mwaka 2022, mahakama hiyohiyo, yenye kinga ileile, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, ilitupilia mbali kwa kauli moja kesi ya mgombea Raila Odinga ya kupinga matokeo ya urais.