Nyeusi na nyeupe si kufuta rangi

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini foto ninazowatumia hazina rangi, eti telefone yangu imeharibika? Hapana, iko nzima. Huku Ayalandi wapenzi wa foto wana desturi moja nzuri: mwisho wa juma wanakutana watu wachache, wanapanda treni ama basi, wanatembea mahali pa karibu tu, na kila mtu anapiga kile anachokiona. Wengi wao bado wanapenda nyeusi na nyeupe. Mimi natoka pamoja nao, na leo nataka niwaeleze namna hii kitu inavyofanya kazi, maana hata Bukavu ama Lubumbashi unaweza kuifanya kwa telefone uliyo nayo mkononi.

Kwanza tuelewane: aparei haifuti rangi. Inageuza kila rangi kuwa kijivu, cha giza zaidi au cheupe zaidi. Rangi mbili zinazopigana machoni zinaweza kutoka kijivu kimoja. Mfano uko bandarini Dublin. Kuna mabomba mawili ya moshi ya Poolbeg, yana urefu wa mita 207 hivi, yamepakwa mistari myekundu na myeupe. Karibu yake kuna ukuta mrefu unaoingia baharini, Great South Wall, na mwisho wa ukuta kuna mnara wa taa mwekundu. Kwa rangi, mnara ule unakuita toka mbali. Kwa nyeusi na nyeupe unaweza kuzama kabisa ndani ya kijivu cha bahari.

Sasa fungua programu ya kurekebisha foto. Nyingi zina kipimo cha kila rangi peke yake. Ukishusha nyekundu, mnara unakuwa mweusi mbele ya anga nyeupe, na mistari ya mabomba inatoka wazi. Ukiipandisha, mistari ileile inakaribia kupotea. Foto ni moja, uamuzi ni wako. Wazee wa kazi hii walifanya hivyo kwa kuweka kioo cha rangi mbele ya lenzi: kioo chekundu kinatia giza anga la bluu, mawingu yanasimama. Njo maana nawashauri: piga kwa rangi kwanza, geuza baadaye. Rangi ukizitunza unaweza kuchagua, zikishapotea, basi.

Pili, mwangaza. Ayalandi ni nchi ya mawingu na manyunyu, na watu wengi wakiona anga vile wanarudisha aparei mfukoni. Kwa nyeusi na nyeupe, ile njo siku ya kazi. Wingu linatawanya mwangaza, vivuli vinalainika, mawe yaliyolowa yanang'aa. Hatari ni moja: anga nyeupe tupu inayojaza nusu ya foto. Inamisha aparei, tafuta maji, njia, mizizi ya miti. Na jua likitoka, ujue linatoka upande gani. Kule Glendalough, kwenye milima ya Wicklow kusini ya Dublin, kuna mabaki ya monasteri ambayo Mtakatifu Kevin aliianzisha karne ya 6, pamoja na mnara wa mviringo wa mawe wa mita 30 hivi. Saa sita ya mchana wakati wa kiangazi, mnara unaonekana bapa kama karatasi. Asubuhi ya baridi, jua liko chini na linaupiga ubavuni, kila jiwe linatoa kivuli chake kidogo. Kivuli hicho njo kinachukua nafasi ya rangi.

Tatu, nyuso zetu. Hapa sikilizeni vizuri. Aparei ikiachwa peke yake inajaribu kufanya foto nzima iwe kijivu cha katikati. Msimamishe ndugu yako mweusi mbele ya anga nyeupe ya Ayalandi: aparei inaona mwanga mwingi, inaupunguza, na uso wa ndugu unabaki kivuli. Ngozi haina kosa. Gusa uso wake kwenye kioo cha telefone, pandisha mwangaza kidogo. Ama mgeuze aelekee upande mwanga unakotoka, nyuma yake kuwe ukuta wa giza. Utaona paji, mashavu, hata mistari ya kicheko.

Jambo hili la nyuso si dogo kwetu Wakongomani. Ukipanda treni ya pwani toka Dublin unafika Sandycove, mahali alipozaliwa Roger Casement mwaka 1864, yule aliyeandika ripoti ya 1904 juu ya ukatili wa utawala wa Leopold II. Pale jirani, Dún Laoghaire, tangu 2021 kuna sanamu yake ya shaba, karibu na bahari. Mwaka ule ule wa 1904 mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga foto Nsala kule Baringa, ameketi anatazama mkono na mguu wa mtoto wake, vilivyokatwa. Foto zake zilionyeshwa kwenye mikutano ya Ulaya na Marekani, na kukana kukawa kugumu.

Foto zile hazikuwa na rangi kwa sababu ya vifaa vya wakati ule. Sisi leo tunachagua. Kwa hiyo kabla sijaondoa rangi kwenye uso wa mtu ama kwenye mtaa wa maskini, najiuliza: naiondoa ili umbo na mwangaza vionekane, ama ili watu hawa waonekane wa zamani na wenye huzuni? Kama habari yenyewe iko kwenye rangi ya kikwembe cha mama, acha rangi. Kama iko kwenye mikono yake, iondoe bila woga.

La mwisho: andika. Padri Mjezuiti wa Ayalandi, Francis Browne, alifariki 1960. Mwaka 1985 sanduku lake lilifunguliwa, ndani kuna negativu karibu 42,000, na nyingi zilikuwa zimeandikwa mahali na tarehe. Bila maandishi yale, zingekuwa sura za watu wasiojulikana tu. Telefone zetu zimejaa foto za wazazi na mitaa yetu, na hakuna hata neno moja.

Jumapili hii tokeni wawili watatu, mtaa wenu tu unatosha. Pigeni foto kumi, chagueni moja, muiandikie jina la mahali, siku, na sababu ya kuondoa rangi. Ukikosa sababu, irudishie rangi yake.