Istilahi za Usalama kwa Mafundi wa Nyaya za Data

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 iliandikwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria za Tanzania, na wafasiri sasa wadaiwa maneno ya kazi ambazo hazikuwapo walipokuwa shuleni. Mojawapo ni kazi ya kutandika nyaya katika vituo vya kuhifadhia data.

Tumfikirie fundi wa Kanyenye, mjini Tabora. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita mji huu, na mpagazi wa Kinyamwezi aliyaona yaliyomdhuru: uzito wa pembe begani, ukavu wa visima. Fundi wa leo hayaoni. Katika uzi wa kioo wa Mkongo wa Taifa hupita miali ya leza, aghalabu ya nanomita 1310 au 1550, hali jicho la binadamu hukomea kwenye 700 hivi. Fundi huchungulia ncha, huona giza, husema, "Huu umezimwa." Kumbe jicho laweza kuumia.

Kwa hiyo hatupendekezi "mwanga usioonekana" katika vibao vya onyo. Kwa msemaji wa kawaida, mwanga usioonekana si mwanga. (Tumwache yule mwanga wa usiku, mchawi, ingawa naye hudhuru bila kuonekana.) "Mnururisho" ni sahihi katika fizikia, lakini kibao husomwa na mtu mwenye haraka, "mionzi ya leza isiyoonekana" yatosha, na chini yake amri: USICHUNGULIE NCHA YA UZI.

Neno "hatari" nalo limebebeshwa maana mbili: kitu chenye uwezo wa kudhuru, na uwezekano wa madhara kutokea. Wakaguzi wamekwisha kutumia "kihatarishi" kwa maana ya kwanza, nasi twawaunga mkono. Kipande cha uzi uliomenywa, chenye unene wa mikromita 125, ni kihatarishi popote kilipo. Hatari yake ni ndogo kikiwa ndani ya chupa yenye kifuniko, kubwa kikiwa juu ya meza anapolia fundi chakula. Mwalimu asipoyatenganisha, mwanafunzi atadhani glavu zimekiondoa kihatarishi.

"Vifaa vya kujikinga" limekubalika. "Kuzima" bado lahitaji uangalifu: aliyezima upande wa Kanyenye hajazima upande wa pili, na kibali cha kazi hakina budi kusema uzi umezimwa pande zote mbili.