Boti ya Mbao na Watu Wanaoitunza

(Sauti ya injini na maji. Inashuka polepole.)

Kama ulitoka Maniema au Tshopo, unaijua safari ya Kindu hadi Ubundu. Hapo mto Lualaba unapitika kwa boti, kama kilomita 300 hivi. Mbele ya Ubundu yapo maporomoko ya Boyoma, kwa hiyo abiria hushuka na kutafuta njia ya nchi kavu kwenda Kisangani. Lakini wewe uliyezaliwa kambini pengine hujawahi kulala ndani ya boti. Leo tunaeleza mabaharia wanafanya nini humo kutwa kucha, maana siku ukirudi nyumbani kwa mto, uhai wako utakuwa mikononi mwao.

Kazi isiyoisha ni kufua maji. Boti ya mbao huvuja, hata iliyo nzima. Katikati ya mbao hushindiliwa pamba au nyuzi kwa nyundo, kisha hupakwa lami ya moto. Hiyo ndiyo kalafati. Mbao zikikauka juani hunywea na nafasi hufunguka. Zikilowa huvimba na kubana. Ndiyo sababu boti iliyokaa muda mrefu ufukweni huvuja sana siku za kwanza, na nahodha mwenye akili huiacha majini ikiwa tupu kabla ya kupakia.

Maji yaliyopenya hukusanyika chini kabisa, kwenye ngama. Kijana mmoja huyatoa kwa kopo na ndoo, mwingine humpokea. Ukimkuta amelala na hakuna aliyempokea, mwamshe bila aibu. Maji yakijaa ngama hayatulii: boti ikiinama kidogo, yote hukimbilia upande ule ule na kuizamisha zaidi.

Injini nayo ina mtu wake. Huchuja mafuta kwa kitambaa, hutia grisi pale mhimili wa rafadha unapotokea nje, kwani hapo pia maji huingia. Magugu maji yakijizungusha kwenye rafadha, injini huzimwa na mtu hupiga mbizi na panga. Subiri kwa utulivu. Kumpigia kelele hakuharakishi kitu.

Mbele, kwenye gubeti, husimama mwenye upondo. Huuchovya mtoni na kutangaza kina, kwa sababu mafungu ya mchanga huhama kila msimu, na njia ya mwaka jana leo inaweza kuwa kisiwa. Usiku haoni kitu, wala magogo yanayoelea. Boti inayojali watu hufungwa ukingoni jua likitua. Nahodha akisema atasafiri gizani ili kuwahi soko, una haki ya kushuka.

Akina mama, mnaopika humo, wekeni mbabula juu ya mchanga au udongo, mbali na madumu ya mafuta. Maji ya kunywa yachoteni gubeti, kamwe si shetri, kwa kuwa choo kiko nyuma na mkondo huchukua kila kitu. Hata hayo ya mbele yachemsheni. Kipindupindu hakijali umechota wapi.

Sasa jambo tunaloulizwa mara nyingi: utajuaje boti imejaa mno? Usihesabu watu, maana chini yao kuna magunia ya mpunga na madumu ya mawese. Tazama ukingo wa boti kutoka nje, kabla hujapanda. Kama mawimbi madogo ya pirogi inayopita yanakaribia kuingia, mzigo umezidi. Uliza pia jaketi za kuokolea ziko wapi. Zikiwa zimefungwa kwenye kifurushi chini ya mizigo, omba yako utolewe na uivae. Kwa mtoto, hakikisha mkanda unapita katikati ya miguu, la sivyo akianguka jaketi litabaki juu naye atateleza chini.

(Muziki.)